Lugha Ndogo, Hadhira Kubwa: Mageuzi ya Tamthilia za Uhalifu za Kinordiki na Funzo Lake kwa Sera ya Kiswahili

Ikisiri

Ipo hoja isikikayo mara kwa mara katika mijadala ya sera ya utangazaji Afrika Mashariki: kwamba tamthilia inayotaka kuvuka mipaka sharti izungumze lugha ya kimataifa. Makala haya yanaipima hoja hiyo kwa kuchunguza tamthilia za uhalifu za televisheni kutoka Denmark, Uswidi, Norwei, Ufini na Aisilandi, ambazo duniani hujulikana kwa jina la Nordic noir. Makala yanaeleza chimbuko la utanzu huo katika riwaya, mabadiliko ya kitaasisi yaliyouingiza kwenye televisheni, na njia tatu zilizoueneza: manukuu, kutengenezwa upya na kuigwa. Inabainishwa kuwa kilichozisafirisha tamthilia hizi si hali ya hewa wala ukubwa wa lugha, bali ni taasisi za umma zilizowapa waandishi muda, fedha na uhuru wa kusema na jamii yao kwanza. Mwisho, makala yanapendekeza mambo matatu kwa watunga sera wa Kiswahili.

1. Utangulizi

Jumamosi moja ya Januari 2011, idhaa ya BBC Four ya Uingereza ilianza kuonyesha tamthilia yenye sehemu 20 kuhusu mauaji ya msichana mmoja wa Copenhagen. Wahusika walizungumza Kidenmark tangu mwanzo hadi mwisho. Mtazamaji wa Uingereza, ambaye kwa kawaida hakuzoea kusoma anapotazama televisheni, alitakiwa kufuata manukuu, yaani tafsiri iandikwayo chini ya picha. Tamthilia hiyo ilikuwa Forbrydelsen, jina lenye maana ya “uhalifu”. Ilijipatia wafuasi wengi, na mwaka huohuo ikatunukiwa tuzo ya BAFTA ya kazi bora ya kimataifa.

Jambo hili linastahili kuwashangaza wanaisimu kabla ya kuwashangaza wahakiki wa filamu. Wakati Forbrydelsen inatengenezwa, Denmark ilikuwa na watu takriban milioni 5.5, na lugha yake haifundishwi kwa wingi nje ya eneo lake. Nchi zote tano za Kinordiki kwa pamoja hazifikishi watu milioni 30. Kwa vigezo vya soko, lugha hizi zingepaswa kubaki nyumbani.

Maelezo yatolewayo mara nyingi ni mepesi: kwamba watazamaji walivutiwa na theluji, giza la majira ya baridi na wapelelezi wenye huzuni. Makala haya hayakanushi mvuto wa mandhari. Hata hivyo, theluji ilikuwapo miaka yote, na tamthilia za Denmark hazikuwa zikitazamwa London. Swali la msingi basi ni hili: ni nini kilichobadilika?

2. Chimbuko: riwaya ya upelelezi kama uchunguzi wa jamii

Mizizi ya utanzu huu iko katika riwaya. Kati ya 1965 na 1975, waandishi wawili wa Uswidi, Maj Sjöwall na Per Wahlöö, waliandika riwaya 10 zinazomhusu askari mpelelezi Martin Beck wa Stockholm. Waandishi hao walikuwa na mwelekeo wa Kimarx, na lengo lao halikuwa kuburudisha tu. Walitumia kisa cha mauaji kama kisu cha mpasuaji: walilipasua tumbo la dola ya ustawi wa jamii ili msomaji aone kilichooza ndani yake. Polisi wao hawana kipaji cha ajabu. Wanafanya kazi kwa pamoja, wanachoka, wanaugua mafua, na mara nyingi ukweli wanaoufikia hauleti haki.

Msomaji wa Kiswahili ataona hapa jambo la kulinganisha. Mwaka 1965, ilipotoka riwaya ya kwanza ya Martin Beck, ndio pia mwaka wa Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla. Na miaka mitano kabla yake Muhammed Said Abdulla alikuwa ameshamleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, kwa hiyo, si changa kuliko ya Kinordiki. Tofauti ilijitokeza baadaye, katika kile ambacho taasisi za utangazaji zilifanya na urithi huo.

Tukio la kihistoria liliongeza uzito wa utanzu huu. Usiku wa tarehe 28 Februari 1986, Waziri Mkuu wa Uswidi Olof Palme alipigwa risasi barabarani mjini Stockholm akitoka sinema na mkewe. Mtu mmoja alihukumiwa, kisha akaachiwa huru kwa rufaa. Jalada likafungwa mwaka 2020 bila kesi nyingine kusikilizwa. Taifa lililojiona salama lilibaki na mauaji yasiyo na jibu. Si ajabu kwamba fasihi yake iliendelea kurudi kwenye swali la polisi wanaoshindwa na dola inayoficha.

Henning Mankell alilichukua swali hilo na kulipeleka mbele. Riwaya yake ya kwanza ya mpelelezi Kurt Wallander, iliyotoka 1991, inaanza na mauaji ya wazee wawili shambani na inageuka kuwa uchunguzi wa chuki dhidi ya wageni. Inafaa kukumbuka kuwa Mankell aliishi sehemu kubwa ya maisha yake Maputo, Msumbiji, ambako aliongoza Teatro Avenida tangu katikati ya miaka ya 1980. Aliitazama Uswidi kwa jicho la mtu anayeijua pia Afrika. Ukali wake dhidi ya utulivu wa nchi yake hauwezi kutenganishwa na umbali huo.

3. Kutoka kitabuni hadi kwenye skrini: kanuni za DR

Riwaya hizi zilifanywa filamu na vipindi vya televisheni mapema, lakini mageuzi makubwa yalitokea Copenhagen, katika shirika la utangazaji la umma la Denmark, DR. Katika miaka ya 1990, tamthilia za shirika hilo hazikuwa na nguvu ya kushindana na zile za Marekani. Uongozi wa idara ya tamthilia uliamua kujifunza kwa mshindani: waandishi wakaanza kufanya kazi katika chumba kimoja, na tamthilia za misimu mirefu zikaanzishwa. Tunda la mapema lilikuwa Taxa, iliyoanza 1997. Rejseholdet, iliyofuatia kuanzia mwaka 2000, ilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2002.

Chini ya Ingolf Gabold, idara hiyo ilijiwekea kanuni za kazi. Tatu kati yake zinahusu mada yetu moja kwa moja.

Kanuni ya kwanza ni ono moja. Mwandishi ndiye mwenye kazi, na watayarishaji, waongozaji na wakuu wa shirika hulinda ono lake badala ya kulivuta kila mmoja upande wake.

Kanuni ya pili ni masimulizi mawili. Kila tamthilia sharti iwe na kisa kinachoteka, na chini ya kisa hicho pawepo na suala la kimaadili au la kijamii linalohusu wananchi. Shirika linaloendeshwa kwa fedha za umma halikuruhusiwa kutoa taharuki tupu.

Kanuni ya tatu ni kuchanganya vipaji. Wataalamu wa filamu walialikwa kufanya kazi za televisheni, na uhusiano wa karibu na chuo cha taifa cha filamu ukawapatia waandishi chipukizi mahali pa kuanzia.

Kanuni hizi hazitaji soko la nje hata kidogo. Tamthilia zilipangwa kwa ajili ya saa mbili usiku wa Jumapili, wakati familia ya Denmark imekaa sebuleni. Mtazamaji wa nje hakuwa katika hesabu. Alikuja baadaye, kama mgeni aliyevutiwa na harufu ya chakula cha jirani.

4. Forbrydelsen: mauaji moja, nyumba tatu

Mfano bora wa kanuni hizi ni Forbrydelsen yenyewe, iliyoandikwa na Søren Sveistrup na kuonyeshwa Denmark katika misimu mitatu: 2007, 2009 na 2012. Katika msimu wa kwanza kila sehemu inasimulia takriban siku moja ya upelelezi. Urefu huo ulivunja desturi ya tamthilia ya polisi, ambapo mtu huuawa mwanzoni mwa kipindi na muuaji hukamatwa kabla ya kipindi kwisha.

Muda uliopatikana ulitumiwa kufungua nyumba tatu kwa pamoja. Ya kwanza ni ya polisi, inayoongozwa na Sarah Lund, mwanamke ambaye kazi inamla hadi anapoteza watu wake wa karibu. Ya pili ni ya wazazi wa msichana aliyeuawa, Nanna Birk Larsen. Ya tatu ni ya wanasiasa wanaogombea umeya wa Copenhagen, ambao kesi inawagusa na kuwachafua. Katika tamthilia nyingi za awali, maiti ilikuwa fumbo la kufumbuliwa. Hapa maiti ina mama anayeomboleza. Matanga yanapewa muda ambao kwa kawaida hupewa mbio za magari.

Mhusika Lund naye anastahili maelezo. Anavaa sweta ya sufu ya Visiwa vya Faroe, hapambwi, wala hatabasamu ili kumridhisha mtazamaji. Saga Norén wa Broen, atakayejadiliwa hapa chini, alifuata njia hiyohiyo. Wahusika hawa walibadilisha nafasi ya mwanamke katika utanzu: kutoka mhanga au msaidizi, akawa akili inayoongoza uchunguzi, pamoja na dosari zote ambazo awali waliruhusiwa wanaume peke yao.

5. Broen: lugha mbili juu ya daraja moja

Kwa mtafiti wa lugha, kazi muhimu kuliko zote ni Bron kwa Kiswidi, au Broen kwa Kidenmark: “daraja”. Daraja la Öresund, linalounganisha Copenhagen na Malmö, lilifunguliwa mwaka 2000. Tamthilia, iliyoonyeshwa katika misimu minne kati ya 2011 na 2018, inaanza kwa maiti kukutwa juu ya daraja, kwenye mstari wa mpaka. Nusu ya juu ni ya mwanasiasa wa Uswidi; nusu ya chini ni ya mwanamke mwingine, kahaba wa Denmark. Polisi wa nchi mbili wanalazimika kufanya kazi pamoja.

Uamuzi wa kilugha wa waandishi ni wa kuzingatiwa sana. Saga anazungumza Kiswidi. Mwenzake Martin Rohde anazungumza Kidenmark. Kila mmoja anamjibu mwenzake kwa lugha yake. Hakuna anayehamia Kiingereza. Lugha hizi mbili ni za ukoo mmoja na huelewana kwa kiasi, ingawa matamshi ya Kidenmark huwatatiza Waswidi wengi. Televisheni ya Uswidi ilitia manukuu chini ya maneno ya Kidenmark, na ya Denmark ikafanya hivyo kwa Kiswidi. Hivyo tofauti ya lugha haikufichwa wala kusawazishwa, bali ilifanywa kuwa sehemu ya maana ya kazi: watu wawili waliokaribiana kiasi cha kuelewana, waliotengana kiasi cha kukoseana.

Mashirika ya SVT na DR yaligharimia kazi hii kwa ushirikiano, na kituo cha ZDF cha Ujerumani kikachangia. Ushirikiano wa namna hiyo una historia ndefu. Tangu 1959, mashirika ya umma ya Kinordiki yamekuwa yakibadilishana na kutayarisha vipindi kwa pamoja kupitia Nordvision; na tangu 1990, mfuko wa Nordisk Film & TV Fond umekuwa ukichangia gharama za kazi za eneo zima. Daraja la saruji lilitanguliwa na daraja la bajeti.

6. Njia tatu za kuenea

Tamthilia hizi zilifika duniani kwa njia tatu zinazopaswa kutofautishwa.

Njia ya kwanza ni manukuu, ambapo kazi asilia husafiri na lugha yake. Ndivyo ilivyokuwa Uingereza. Mafanikio hayo yalifungua mlango kwa nchi nyingine za Kinordiki: Ófærð ya Aisilandi (2015), nchi yenye watu wasiofika laki nne, na Sorjonen ya Ufini (2016), iliyowekwa Lappeenranta karibu na mpaka wa Urusi.

Njia ya pili ni kutengenezwa upya. Forbrydelsen ilihamishiwa Seattle katika toleo la Marekani lililoanza 2011. Broen ilizaa matoleo mengi zaidi, kwa kuwa wazo lake ni mpaka, na mipaka haikosekani duniani: Marekani na Meksiko, Uingereza na Ufaransa, Malaysia na Singapore, Urusi na Estonia, Ujerumani na Austria. Kila toleo lililazimika kujibu upya swali la jamii husika. Kati ya El Paso na Juárez, kwa mfano, kisa kiligusa wanawake wanaouawa na kupotea upande mmoja bila sheria ya upande wa pili kujali. Kilichouzwa, basi, kilikuwa umbo tupu ambalo kila mnunuzi alilijaza uchungu wake.

Njia ya tatu ni kuigwa. Mfano wenye mafunzo mengi zaidi ni Y Gwyll ya Wales, iliyoanza 2013 katika S4C, kituo cha lugha ya Kiwelisi. Waigizaji walirudia matukio kwa lugha mbili, Kiwelisi na Kiingereza, hata yakapatikana matoleo mawili ya kazi moja. Kwa mujibu wa sensa ya 2021, wazungumzaji wa Kiwelisi nchini Wales ni takriban 538,000. Lugha iliyozoea kulindwa kama mgonjwa ilipata tamthilia iliyouzwa nje, ikiwamo Denmark kwenyewe.

7. Mipaka ya utanzu

Sifa hizi zisitufumbe macho. Kwanza, nchi za Kinordiki ni miongoni mwa zenye viwango vya chini vya mauaji duniani. Picha ya miji iliyojaa wauaji wenye mipango tata ni ubunifu, na mshauri wa sera asiichukue kama takwimu. Pili, utanzu unaodai kutetea wanawake umelaumiwa kwa kuanza tena na tena na maiti ya msichana. Tatu, wahamiaji huonekana mara nyingi kama washukiwa au wahanga, na mara chache kama wapelelezi. Nne, umaarufu ulizaa mazoea: mpelelezi mpweke, rangi ya kijivu na siri ya utotoni vikawa viungo vya kununuliwa dukani. Kadiri majukwaa ya kimataifa ya video yanavyogharimia kazi hizi, ndivyo shinikizo la kurudia kilichokwisha kuuzika linavyoongezeka.

Aidha, tofauti ya utajiri haiwezi kupuuzwa. Mashirika ya Kinordiki yalijengwa kwa ada za watazamaji, na sasa kwa kodi. Hakuna shirika la umma katika ukanda wetu lenye bajeti ya kulinganishwa na hiyo.

8. Funzo kwa sera ya Kiswahili

UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na Umoja wa Afrika ukakipokea Kiswahili kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Kwa makadirio ya UNESCO, wazungumzaji wake wamezidi milioni 200. Mbele ya tarakimu hizo, hoja kwamba tamthilia ya Kiswahili haiwezi kusafiri kwa sababu ya lugha haina mashiko. Aliyesafiri na wazungumzaji milioni 5.5 ametuonyesha kuwa kikwazo kiko kwingine. Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, fedha za umma, hata zikiwa chache, zielekezwe kwenye uandishi kabla ya vifaa. Kanuni za DR ziligharimu muda na uaminifu zaidi ya kamera. Chumba cha waandishi watano wanaolipwa kwa miezi sita kuandaa msimu mmoja kamili kina faida kuliko mradi unaonunua mitambo na kukosa cha kupiga picha.

Pili, uwepo utaratibu wa kikanda wa kutayarisha na kubadilishana tamthilia baina ya mashirika ya umma, kwa mfano wa Nordvision. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, inaweza kuuratibu upande wa lugha. Mipaka tunayo: Namanga, Rusumo juu ya mto Kagera, na Ziwa Tanganyika lenye nchi nne kando yake. Magendo, ardhi, madini na watu waliopotea ni visa ambavyo haviwezi kusimuliwa na nchi moja.

Tatu, na hili ndilo linalotuhusu zaidi wanaisimu, tuache kuwadai wahusika wote wazungumze Kiswahili sanifu. Broen inafundisha kuwa tofauti ya lugha kati ya watu wanaoelewana nusunusu ni hazina ya kisanaa. Mpelelezi wa Bukavu azungumze Kiswahili cha Bukavu, kijana wa Eastlands azungumze Sheng, hakimu wa Dodoma azungumze kisanifu chake, na manukuu ya Kiswahili sanifu yawekwe palipo na haja. Hapo usanifu utakuwa daraja la kusomea badala ya kizuizi cha kusemea. Ni kweli kuwa watazamaji wetu wamezoea zaidi sauti ya msimulizi wa filamu, kama alivyofanya Lufufu nchini Tanzania na kama wafanyavyo DJ Afro wa Kenya na mavijei wa Uganda. Desturi hiyo nayo ni rasilimali: inathibitisha kuwa hadhira yetu haikuogopa kamwe kazi ya lugha ngeni, mradi apatikane wa kuivusha.

9. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa tamthilia za uhalifu za Kinordiki zilitokana na riwaya iliyothubutu kuihoji dola, zikakomazwa na mashirika ya umma yaliyomwamini mwandishi, na zikaenea duniani bila kuacha lugha zao. Hazikutafuta hadhira ya dunia kwa kujifananisha na dunia. Zilisema na watu wa nyumbani kwa ukweli uliowauma, na wa mbali wakasogea kusikiliza. Kiswahili kina urithi wa upelelezi tangu Bwana Msa, kina wazungumzaji, na kina mipaka yenye visa. Kinachosubiriwa ni uamuzi wa kitaasisi. Kila mwaka unaopita bila uamuzi huo, watoto wetu wanaendelea kujifunza sura ya haki na ya uhalifu kutoka miji ya wengine, ilhali polisi, wafiwa na wanasiasa wa miji yetu wangali hawajasimuliwa.